Msemaji Asiyeaminika: Uanze na Shairi Lipi?

Chukulia umetumwa ushenga. Umefika kwenye kasri la bwana mmoja mwenye jina kubwa, mmeshazungumza habari za ndoa na mali, na kabla hamjashuka ukumbini waliko wageni wengine anakuonyesha picha zake. Anafungua pazia. Nyuma yake kuna picha ya mwanamke kijana, anatabasamu. Mwenyeji wako anakwambia huyo ndiye mkewe aliyetangulia, anakukaribisha ukae umtazame, kisha anaanza kukueleza kasoro za yule mwanamke kwa sauti ya upole kabisa. Alikuwa mwepesi wa kufurahi. Alimshukuru kila mtu sawasawa. Anapomaliza umeshaelewa kwamba alimwondoa mkewe duniani, na kwamba binti wa bwana wako ndiye anayefuata. Yeye wala haoneshi kujali kama umeelewa.

Hilo ni "My Last Duchess" la Robert Browning, lililochapishwa Uingereza mwaka 1842. Kila ninapozungumza na watu wanaotaka kujifunza aina hii ya ushairi, ambapo mtu mmoja anasema mwanzo hadi mwisho na maneno yake yanamsaliti, swali huwa ni lile lile: nianze na lipi? Wanaotajwa mara nyingi ni wanne. Yupo mtawala huyu wa Ferrara, mji wa Italia. Yupo muuaji wa "Porphyria's Lover", naye pia wa Browning. Yupo askofu wake anayekufa akigombania kaburi. Na yupo baharia mzee wa Alfred Tennyson, "Ulysses". Wote wanne hawaaminiki, lakini kila mmoja kwa namna yake, na ukianza na asiyekufaa unaweza kuondoka na funzo la kombo.

Tunachokitafuta

Darasani anayesema ndani ya shairi tunamwita nafsineni, na tunaambiwa mapema kwamba nafsineni si lazima awe mshairi. Tunaikariri kanuni hiyo kisha tunaisahau, maana mashairi mengi tuliyolelewa nayo hayatulazimishi kuitumia. Utenzi wa Mwana Kupona, wa 1858, una karibu viungo vyote ambavyo Browning angevitaka. Msemaji ni mmoja, naye ni mgonjwa wa mwaka mzima. Msikilizaji ni mmoja, bintiye, anayeambiwa asogee na wino na karatasi. Pana na tukio linalowakutanisha. Kinachokosekana ni shaka. "Negema wangu binti," anasema mama, na sisi tunasogea pamoja na binti bila wasiwasi wowote. (Wapo wahakiki waliousoma utenzi huo kwa jicho la kinaya, wakishika hasa pale binti anapoambiwa amtunze mume kama mtoto asiyejua kunena. Mimi nasita kwenda nao mpaka mwisho, ila mtu akicheka hapo simlaumu.)

Browning anaongeza kiungo kimoja tu. Anaacha nafasi kati ya kile msemaji anachotaka tuamini na kile maneno yake yanachomwaga. Nafasi hiyo ndiyo kinaya, na si sawa na kejeli. Mwenye kejeli anajua anasema kinyume cha anachomaanisha. Hawa wanne wanamaanisha kila neno. Wanaokonyezana ni mshairi na msomaji, nyuma ya mgongo wa msemaji.

Neno "asiyeaminika" lilienezwa na mhakiki wa Kimarekani Wayne Booth mwaka 1961, naye alikuwa akizungumzia riwaya. Miaka minne kabla yake, Robert Langbaum alikuwa ameshaeleza kuhusu mashairi haya jambo ambalo mimi naliona la maana zaidi: yanamvuta msomaji huku kwa huruma na kule kwa hukumu, kwa wakati mmoja. Tukimsikiliza mtu muda mrefu bila mwingine kuingilia, tunaanza kuona kwa macho yake hata kama hatutaki.

Kwa hiyo kipimo changu cha kuyalinganisha mashairi haya ni swali moja. Ndani ya shairi, ni nani angeweza kumkanusha huyu anayesema?

Mtawala na mpenzi wa Porphyria

Haya mawili huwekwa pamoja karibu kila mara, na kwa sababu nzuri. Katika yote mawili mwanamume anataka mwanamke awe wake peke yake, na njia anayoiona ni kifo. Hata urefu unakaribiana: la mtawala lina mishororo 56, la Porphyria 60. Watu wengi hushauri uanze na Porphyria kwa kuwa Kiingereza chake ni chepesi. Ni kweli. Maneno mengi ni mafupi mno, na hakuna sentensi inayokupoteza njiani.

Hadithi yenyewe ni hii. Usiku wa mvua na upepo unaovunja vilele vya miti, mtu mmoja ameketi kwenye nyumba yenye baridi, moyo karibu upasuke. Porphyria anaingia, anafunga mlango, anapiga magoti na kuwasha moto, anavua joho na glavu zilizolowa, anaketi kando yake na kumwita. Yeye hajibu. Porphyria anauchukua mkono wa mwanamume na kuuzungusha kiunoni mwake mwenyewe, anafunua bega lake, anamlaza kichwa hapo na kumnong'oneza kwamba anampenda. Mwanamume anamtazama machoni na kusema kwamba hatimaye amejua: Porphyria anamwabudu. Katika dakika hiyo ni wake, wake kabisa. Basi anakusanya nywele zake ndefu za manjano, anazizungusha mara tatu shingoni mwake, na kumnyonga.

Tendo hilo limeandikwa mwanzoni mwa mshororo wa 41, kwa maneno machache, na mshororo haujaisha kabla hajasema kwamba hakusikia maumivu. Mshororo unaofuata anasema tena: nina hakika kabisa hakusikia maumivu. Hapo simama. Hakuna aliyemuuliza. Ukimkuta mtoto jikoni akakwambia mara mbili, bila kuulizwa, kwamba hajagusa sukari, huhitaji kuangalia kopo.

Baadaye anamfumbua macho taratibu, kama mtu anayefungua ua lililofungia nyuki ndani. Anambusu. Halafu anasema mara hii bega lililobeba kichwa ni la kwake. Rudi nyuma uone: mwanzoni Porphyria ndiye aliyemlaza kichwa begani, akiwasha moto, akifunga mlango, akitenda kila kitu. Sasa anatenda yeye, na mwenzake ni mzigo. Usiku kucha hawajasogea, "na bado Mungu hajasema neno." Mshororo huo wa mwisho kwake ni ushahidi kwamba hakukosea. Kwetu ni mtu anayesikiliza kwa hofu.

Ni shairi zuri, na bado sikushauri uanze nalo. Nafsineni wa Porphyria hana wa kumkanusha. Hazungumzi na mtu. Mwanamke aliyekuwapo amekufa, moto na mvua havisemi, na Mungu, kama mwenyewe anavyotuambia, amenyamaza. Kila tunachokijua kinapitia kwake. Je, Porphyria alimwabudu kweli? Tunalo neno lake tu. Kwa hiyo msomaji mgeni hukimbilia jibu la haraka: huyu ni mwendawazimu, kwisha. Browning mwenyewe aliwapa watu ufunguo huo. Shairi lilipotoka kwanza kwenye jarida mwaka 1836 halikuwa na dokezo lolote la wazimu, lakini alipolichapisha kitabuni mwaka 1842 aliliweka pamoja na jingine chini ya kichwa kinachotaja vyumba vya nyumba ya wendawazimu. Jina tulilolizoea, la mpenzi wa Porphyria, lilikuja mwaka 1863. Ukishaambiwa "kichaa", kazi ya kusoma imekwisha kabla haijaanza, na mbaya zaidi unabaki ukidhani kutoaminika ni ugonjwa.

Mtawala wa Ferrara si mgonjwa. Ana adabu. Anajua sanaa, anajua kuongea, ingawa anadai hajui: katikati ya hotuba iliyopangwa kama vyombo vya kabatini anaomba radhi kwamba hana kipaji cha maneno. Tena ana kitu ambacho mpenzi wa Porphyria hana, msikilizaji. Mshenga hasemi neno hata moja ndani ya shairi, lakini yupo, na ukisoma kwa makini utamwona akisogea. Mtawala anamkaribisha akae. Mtawala anamwomba ainuke. Halafu, karibu na mwisho, anamwambia kitu kama "la hasha, tutashuka pamoja, bwana." Hiyo "la hasha" inajibu nini? Mtu hakatai kitu ambacho hakijatendeka. Mshenga ama amejaribu kutangulia ngazi, ama amesogea pembeni kumpisha mkubwa, na mimi siku zote humwona akitaka kukimbia. Shairi halisemi. Lakini neno moja dogo limetuonyesha mwili wa mtu wa pili chumbani.

Na ushahidi wenyewe! Mtawala analeta mashtaka dhidi ya mkewe, na mashtaka ndiyo yanayomtetea mke. Kosa lake ni nini? Alifurahia jua likizama. Alifurahia tawi la cheri ambalo mtu mmoja, mtawala anamwita mpumbavu anayejipendekeza, alimvunjia bustanini. Alifurahia nyumbu mweupe aliyempanda akizunguka kibarazani. Vyote hivyo alivipokea kwa uso ule ule aliopokea nao zawadi ya mumewe, jina la ukoo lenye miaka mia tisa. Ukimsikia shahidi wa mashtaka akisema hayo mahakamani, wakili wa utetezi anaweza kwenda kunywa chai. Angeweza kumwambia mkewe kinachomuudhi, anasema, lakini hilo lingekuwa kujishusha, naye ameamua kutojishusha kamwe. Tabasamu zikazidi. Akatoa amri.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna jambo moja la kuangalia asije akateleza. Mwisho wa mazungumzo mtawala anagusia mahari, na mahari hiyo inatoka upande wa mwanamke kwenda kwa mume. Baba wa bibi harusi, kabaila mkarimu kwa sifa, ndiye atakayelipa. Kwa hiyo mshenga si mtu aliyetumwa na mwoaji kubembeleza. Ametumwa na mzazi, na ana kila sababu ya kurudi nyumbani na kusema tahadhari. Mtawala analijua hilo na bado anaongea. Kiburi chake kiko hapo.

Habari hii ina mzizi katika historia, ingawa shairi linataja mji tu. Alfonso II wa ukoo wa Este, mtawala wa Ferrara, alimwoa Lucrezia de' Medici mwaka 1558. Lucrezia alifariki mwaka 1561, akiwa na miaka 16. Uvumi wa sumu ulienea, japo wanahistoria wa leo wanaelekea zaidi kwenye kifua kikuu. Mwaka 1565 Alfonso alioa tena, mara hii binti wa kifalme kutoka Austria. Mchoraji wa picha na mfua shaba wanaotajwa shairini, hao ni wa kubuni. Huhitaji yote hayo ili usome, ila yanasaidia kuona Browning alichofanya: alichukua uvumi akampa mshukiwa nafasi ya kujieleza. Uzeeni aliulizwa amri zile zilikuwa za nini. Akajibu kwamba zilikuwa za kumuua, kisha akaongeza kwamba labda alifungiwa tu kwenye nyumba ya watawa. Hata mtunzi hakukubali kutufungia mlango.

Sauti, vina, na ngeli

Ukisoma kwa sauti tofauti inazidi. Shairi la mtawala lina vina viwiliviwili, kila mishororo miwili imefungwa pamoja, lakini huvisikii. Karibu kila mshororo ni mshata: maana inaruka mwisho wa mstari na kutua katikati ya unaofuata. Sisi tuliozoea kutua kwenye kina na kituo tukilighani kama shairi la arudhi tunaliua. Lisome kama mtu anavyoongea, na vina vitakuwa chini kama nguzo zilizofunikwa na zulia. Ndivyo mtu mwenyewe alivyo, utaratibu mkali chini ya mazungumzo mepesi. La Porphyria lina mistari mifupi na vina vinavyorudi upesi, kama wimbo wa kubembeleza mtoto, na utulivu huo wa sauti wakati wa kunyonga ndio unaotisha.

Halafu jaribu kutafsiri, hata mishororo mitano tu. Sijui njia bora ya kuona kinaya kilipojificha. Mtawala anaanza kwa kuelekeza kidole ukutani. Kwa Kiingereza neno moja la kuonyesha linatosha. Kwa Kiswahili lazima uamue: ile, au yule? Ukisema "ile" umemfanya mke picha. Ukisema "yule" umeifanya picha mke. Mtawala anataka vyote viwili kwa wakati mmoja, na ngeli zetu hazimruhusu. Mstari mmoja anasifu kazi, mwingine anasema yeye amesimama pale kana kwamba yu hai. Anateleza kutoka kitu kwenda mtu na kurudi, na kwa Kiingereza mtelezo huo unapita bila kelele. Kwa Kiswahili unasikika kila hatua.

Au chukua jina la shairi. "Mke wangu wa mwisho" haifai, maana mtu huyu yuko kwenye maongezi ya kuoa tena. "Aliyetangulia" ni nzuri mno, kwa kuwa kwetu aliyetangulia ni wa kabla, na pia ni aliyetangulia mbele ya haki. Inatoa siri kwenye mshororo wa kwanza. Na pale tabasamu zinapokatika: zilikoma, au zilikomeshwa? Kiingereza kinaacha wazi. Mimi ningeshika "zilikoma", kwa sababu mtawala angesema hivyo, kama vile tabasamu huchoka zenyewe.

Kwenye Porphyria kuna mtego wa aina hiyo hiyo, pengine mkali zaidi. Baada ya kumuua, msemaji anazungumzia kichwa chenye tabasamu, na kwa Kiingereza anakitaja kama kitu: kimefurahi kwa kuwa kimepata kilichotaka. Ngeli ya ki-vi inafanya kazi yote hapa. "Kimefurahi." Mwanamke aliyeingia kwa miguu yake na kuwasha moto amekuwa ki-.

Askofu, kwa mwenye kupenda kucheka

Shairi la askofu, "The Bishop Orders His Tomb at Saint Praxed's Church", la 1845, ni refu zaidi ya mara mbili ya lile la mtawala, na limejaa majina ya mawe na Kilatini, kwa hiyo si la kuanzia. Lakini mtu akiniambia mashairi haya yote ni ya huzuni na mauaji, namtupia hili. Askofu yuko kitandani Roma, karne ya 16, anakufa. Mshororo wa kwanza anahubiri kwamba yote ni ubatili. Kisha anawaita waliozunguka kitanda chake wapwa, anasita, halafu wanangu. Siri imetoka kabla hajavuta pumzi ya pili. Kuanzia hapo ni kaburi tu: anataka jiwe gani, na hasa liwe bora kuliko la Gandolf, mpinzani wake aliyekufa kabla yake na kuchukua pembe nzuri ya kanisa. Amezika pande la lapis lazuli, jiwe la thamani la buluu, kwenye shamba la mizabibu na anawaelekeza lilipo. Wana wanamtazama. Kutokana na anavyozidi kubembeleza na kulaumu tunajua macho yao yanasema nini: kaburi hilo hatalipata. Wa kumkanusha wapo pembeni ya kitanda, na ukimya wao unachekesha na kusikitisha. Kwa kikundi cha waigizaji ni bora kuliko yote.

Ulysses, unayemwamini

La nne ndilo gumu, ingawa linaonekana rahisi. Tennyson aliliandika mwaka 1833, muda mfupi baada ya kufiwa na rafiki yake Arthur Hallam, na akalichapisha mwaka 1842, mwaka ule ule wa "My Last Duchess". Lina mishororo 70 isiyo na vina. Mfalme mzee amerudi Ithaca, kisiwa chake, baada ya vita na safari, amechoka kukaa, anaamua kusafiri tena. Mshororo wa mwisho, wa kujitahidi, kutafuta, kupata na kutosalimu amri, ulichongwa kwenye msalaba wa ukumbusho wa mvumbuzi wa Kiingereza Robert Falcon Scott na wenzake huko Antaktika mwaka 1913. Watu hawachongi maneno ya mwongo juu ya makaburi ya mashujaa wao. Na Tennyson mwenyewe alisema shairi lilibeba hisia yake ya haja ya kusonga mbele. Basi shaka inatoka wapi?

Inatoka kwenye maneno. Mkewe anamtaja kwa neno moja, amezeeka. Huyo ni Penelope, aliyemsubiri miaka ishirini. Raia wake ni watu wanaolimbikiza, wanaolala, wanaokula, na hawamjui. Mwanawe Telemachus anamsifu kwa maneno unayomsifia karani mwaminifu: atawalainisha watu hawa polepole, ana busara, hakosi. Kisha: yeye na kazi yake, mimi na yangu. Sema hivyo kwenye kikao cha ukoo uone watu watakavyotazamana.

Halafu anawaita mabaharia wake, waliotaabika na kufikiri pamoja naye. Aliyesoma Homer, mshairi wa Kigiriki wa kale aliyesimulia safari zake, anajua kwamba mabaharia wa Ulysses walikufa wote kabla hajafika nyumbani. Anazungumza na nani? Na aliyesoma Dante, mshairi wa Kiitaliano, anajua safari hii ya mwisho inaishia wapi: meli inazama, na mzungumzaji wetu anapatikana Jehanamu, ndani ya mwali wa moto, pamoja na washauri wabaya, akisimulia jinsi alivyowahamasisha wenzake kwa hotuba fupi. Wa kumkanusha Ulysses wapo, lakini wako nje ya shairi, kwenye vitabu vingine. Kwa hiyo unaweza kulisoma maisha yako yote bila kuwasikia, na usiwe umekosea sana. Mimi mwenyewe nikisoma mishororo kumi ya mwisho kwa sauti naamini kila neno. Nikifunga kitabu nakumbuka mke.

Ndiyo maana hili naliweka mwisho. Linahitaji msomaji aliyekwisha kuumwa na nyoka mara moja.

Nichague lipi, basi?

Kama una mwezi mmoja na watu wa kusoma nao, anza na mtawala. Kiingereza chake kitasumbua siku ya kwanza, hasa sentensi ya katikati ambayo anajikatiza kila mara, lakini shairi lina kila kitu mahali pake: msemaji timamu, msikilizaji anayesogea, ushahidi unaomgeukia mwenyewe, na tukio lenye uzito ambalo mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha posa analielewa. Kama Kiingereza cha kikundi bado ni kidogo, anza na Porphyria, kwa sharti moja: neno "kichaa" lipigwe marufuku kwa saa nzima. Utaona watu wanavyolazimika kurudi kwenye mishororo kutafuta cha kusema. Askofu mweke akiba ya siku ya maonyesho. Na ikiwa wewe ni mwanafunzi unayetafuta shairi la kuandikia insha ndefu, nenda moja kwa moja kwa Ulysses, maana la mtawala limeandikwa sana mpaka msahihishaji anajua aya yako ya pili kabla hajaifikia.

Njia ninayoitumia kwa la mtawala ni ya kizamani. Mtu mmoja anasoma maneno ya mtawala. Mwingine anakaa mbele yake, ndiye mshenga, na haruhusiwi kusema, ila kukaa, kuinuka na kusogea pale anapoona shairi linamtaka. Wengi huganda kwenye ile amri, na hupata tena miguu kwenye "la hasha". Wakishuka ngazi mtawala anamwonyesha sanamu ya Neptune, mungu wa bahari wa Warumi, akimfuga farasi wa baharini, aliyofuliwa kwa shaba, na maneno yake ya mwisho kabisa ni kwamba ilifuliwa kwa ajili yake yeye.

Hapo namgeukia mshenga na kumuuliza: ukifika kwa bwana wako, utamwambia nini? Wengi husema watamwonya. Dada mmoja alifikiri kidogo, akasema angemwambia mahari ipunguzwe. Na kijana aliyekuwa kimya jioni nzima alijibu bila kuinua macho: "Nitamwambia picha zake ni nzuri."